Sauti ya Mwanafunzi wa Mbali: Mtu wa Makamo Anapojifunza Kufundisha Kiswahili

1. Utangulizi

Methali isemayo "samaki mkunje angali mbichi" imetumiwa kwa muda mrefu kutetea dhana kwamba wakati wa kujifunza ni ujana, na kwamba mtu aliyekwisha kukomaa hakunjiki tena. Hata hivyo, katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wamo watu wa makamo, wenye umri wa miaka arobaini na kuendelea, ambao baada ya kufanya kazi nyingine kwa muda mrefu hujiandikisha ili wawe walimu wa shule. Aghalabu watu hao hawawezi kuacha kazi na jamaa zao wakaenda kukaa bwenini. Husomea nyumbani, kwa kompyuta au kwa simu ya mkononi, usiku baada ya shughuli za mchana, na chuo huwafikia kwa njia ya mtandao.

Makala haya yanakusudia kuichunguza njia hiyo kwa upande wa lugha, na hasa kwa yule anayekusudia kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari nchini Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba ugumu mkubwa wa mwanafunzi huyo hautokani na umri wake, wala hautokani na umbali wenyewe. Unatokana na kwamba kozi za mbali, tangu enzi ya posta, zimezoea kumsomesha na kumsahihisha mwanafunzi kwa maandishi, ilhali kazi anayoiendea ni kazi ya mdomo. Mtandao ni chombo cha kwanza chenye uwezo wa kumsikia mwanafunzi aliye mbali. Lakini mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni posta iendayo kasi.

Jambo hili si dogo kwa mhusika. Tangu 2009 umri wa kustaafu katika utumishi wa umma nchini Kenya ni miaka 60. Mtu anayesajiliwa kuwa mwalimu akiwa na miaka 46 ana miaka 14 tu ya kufundisha, hata kama ataajiriwa siku ile ile. Na kusajiliwa si kuajiriwa, kwani maelfu ya walimu waliosajiliwa husubiri nafasi kwa miaka mingi. Amelipa karo kutoka katika akiba ambayo ingesomesha watoto wake. Hana muda wa kuingia darasani akagundua kwamba alichofundishwa hakimwezeshi kufundisha. Wala wanafunzi wake hawana mwaka wa ziada wa kumsubiri ajifunze.

2. Kutoka posta hadi mtandao

Mafunzo ya ualimu kwa watu walio mbali na chuo hayakuanza na intaneti. Mnamo 1967 kiliundwa huko Kikuyu kitengo cha masomo kwa njia ya posta, chini ya taasisi ya elimu ya watu wazima ya chuo cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Shule za msingi zilikuwa na walimu wengi waliofundisha bila ya kuhitimu sawasawa, na lengo lilikuwa kuwainua bila ya kuwaondoa madarasani. Masomo yaliyopigwa chapa yalitumwa kwa posta, yakaambatana na vipindi vya redio. Mwanafunzi alijibu maswali kwa kalamu, akayatuma, akangoja yarudi na wino mwekundu.

Nchini Tanzania, Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi kufikia 1977. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Kwa hiyo, kuanzia 1976, vijana waliomaliza shule ya msingi waliandikishwa kujifunza ualimu huko huko vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio, kwa msaada wa wakufunzi na kwa semina za kukutana ana kwa ana. Walioandikishwa katika mpango huo walizidi 40,000. Hao walikuwa vijana, si watu wa makamo. Hata hivyo mpango wao una mafunzo mawili ambayo yafaa yakumbukwe hapa. Kwanza, walisomeshwa kwa Kiswahili, lugha ile ile waliyoitumia kufundishia. Pili, walikuwa wakisimama mbele ya watoto wakati huo huo wanaposoma, hata kile kilichofika kwa barua juma hili kiliweza kujaribiwa ubaoni juma lijalo.

Baadaye hatua zilifuatana. Mnamo 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shahada ya elimu kwa wanafunzi wa nje. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kilianza kazi mwaka 1994. Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni kilianzishwa Washington mwaka 1997 kikahamia Nairobi mwaka 2002, na katika miaka yake ya mwanzo kilirusha mihadhara kwa setilaiti. Ugonjwa wa korona ulipofunga vyuo na shule mwaka 2020, hata vyuo ambavyo havikuwa na desturi ya elimu ya masafa vililazimika kuhamia mtandaoni. Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake ya kuanzishwa, makao yake yakiwa Konza.

Majina yaliyotumiwa katika safari hiyo yanaeleza jambo. "Elimu kwa njia ya posta" ni jina linalomtaja mchukuzi. "Elimu ya masafa" linautaja umbali. "Elimu ya mtandaoni" linamrudia mchukuzi tena, ila mchukuzi mpya. Hakuna hata jina moja kati ya hayo linalosema mwanafunzi na mwalimu wanazungumza. Redio ya miaka ya sitini ilileta sauti ya mwalimu nyumbani kwa mwanafunzi, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini redio ilisema bila ya kusikia. Kanda za kunasia sauti na setilaiti hazikuubadilisha sana mwelekeo huo. Ni kwa kufika kwa simu yenye intaneti ndipo sauti ilipoweza kwenda na kurudi, kila siku, kwa gharama ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimudu.

3. Lugha aliyo nayo mtu wa makamo

Mwanafunzi wa makamo haji chuoni mikono mitupu. Muuguzi ambaye kwa miaka ishirini ameeleza wagonjwa namna ya kumeza dawa, na akawauliza warudie alichosema ili ajue kama wameelewa, ameshafanya lile ambalo katika vitabu vya ualimu huitwa tathmini ya papo hapo. Fundi wa magari aliyefunza vijana gereji amezoea kuigawa kazi kubwa katika hatua ndogo. Karani wa mahakama anajua tofauti ya lugha ya shahidi na lugha ya hukumu. Mfanyabiashara wa sokoni anajua kumshawishi asiyetaka kusikiliza. Kwa istilahi za isimujamii, watu hao wanazo rejesta kadhaa, na wanahama kutoka moja hadi nyingine bila ya taabu. Kijana wa miaka ishirini na miwili anayetoka moja kwa moja katika shahada yake ya kwanza huwa hajaupata utajiri huo.

Lakini utajiri huo una upande wa pili. Rejesta ya darasani si ile ya wodi wala ya soko. Mwalimu huuliza swali ambalo jibu lake analijua, jambo ambalo katika mazungumzo ya kawaida ni utovu wa adabu. Humnyamazisha ajuaye ili asiyejua apate nafasi. Hulirudia jibu la mwanafunzi kwa sauti ili darasa zima lilisikie, na hulisahihisha bila ya kumfedhehesha aliyelitoa. Mtu aliyezoea kutoa amri au kutoa huduma kwa miaka mingi hawezi kuyapata hayo kwa kuyasoma katika moduli. Huyapata kwa kuyatenda, mbele ya mtu atakayemwambia amekosea wapi.

Zaidi ya hayo, sarufi aliyoiacha shuleni siyo anayoikuta anaporudi. Mfano ulio wazi ni ule wa ngeli. Aliyefunzwa kuzigawa nomino kwa viambishi vyake vya mwanzo hulitia neno "kiongozi" katika kundi moja na "kitabu" na "kiti", kwa kuwa yote huanza kwa ki-. Leo, katika shule za Kenya, ngeli hutajwa kwa upatanisho wa kisarufi, yaani A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I na kadhalika. Na kwa kuwa husemwa "kiongozi mwema amefika", neno hilo huwa katika A-WA. Chuoni anakutana na mfumo wa tatu, ule wa tarakimu uliotokana na kazi ya Bleek ya 1862 na kuendelezwa na Meinhof, ambao hutumiwa na wanaisimu kulinganisha lugha za Kibantu. Mifumo yote mitatu ina mantiki yake. Kinachotakiwa ni mwalimu ajue upi ni wa kutafitia na upi ni wa kufundishia watoto wa Kidato cha Kwanza, tena ajue ni kwa nini upo uliobadilishwa. Katika jambo hili maandishi hutosha, na mtu wa makamo, kwa kuwa amezoea kutafuta sababu za mambo, hulielewa upesi.

4. Yale yasiyobebwa na maandishi

Taabu huanza pale jambo linalofundishwa lisipoonekana katika herufi. Mkazo katika Kiswahili kwa kawaida huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, lakini "barabara" yenye maana ya njia na "barabara" yenye maana ya sawasawa huandikwa kwa namna moja na kutamkwa kwa namna mbili. Sentensi "Wageni wamefika" huwa ni taarifa au swali kwa kiimbo tu. Katika maandishi kinachozitenganisha ni alama ndogo ya kuulizia. Katika lahaja za pwani, kama vile Kimvita, mpumuo hulitenganisha "paa" la nyumba na "paa" wa mwituni, na tahajia sanifu hailionyeshi hilo. E. O. Ashton, alipochapisha sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1944, aliona ni lazima kiimbo kitajwe hata katika jina la kitabu. Alikuwa akiwaandikia watu ambao wengi wao wangejifunza lugha hiyo mbali na wazawa wake.

Kwa mwanafunzi wa Kenya kuna jambo jingine, nalo ni athari ya lugha ya kwanza. Msemaji wa Kikuyu hana katika lugha yake tofauti ya l na r inayobadili maana, hivyo "kula" na "kura" zinaweza kukaribiana mno kinywani mwake. Msemaji wa Dholuo hana sh, na "shamba" linaweza kuwa "samba". Hakuna aibu katika hayo, kwani kila lugha ina fonimu zake, na Mswahili naye hupata shida hiyo hiyo ajifunzapo Kikuyu au Dholuo. Lakini mwalimu ni kielelezo. Kosa lake moja husikiwa na vijana arobaini au zaidi kila siku, na wao ndio watakaoliiga.

Mtu wa makamo ametamka hivyo kwa miaka arobaini na hakuna aliyemrekebisha, kwa sababu katika kazi yake ya awali alieleweka, na hilo lilitosha. Je, mfumo wa masomo una mahali pa kumsikiliza? Mtihani wa Kiswahili katika KCSE una karatasi tatu: Insha, Lugha na Fasihi. Zote huandikwa. Kifaransa na Kijerumani, katika mtihani huo huo, vina sehemu ya kuzungumza na mtahini, Kiswahili hakina. Ili asajiliwe na Tume ya Huduma kwa Walimu kufundisha sekondari, mhusika anatakiwa awe na wastani wa C+ katika KCSE na C+ katika masomo mawili anayokusudia kufundisha, pamoja na shahada ya elimu, au shahada nyingine ikifuatwa na stashahada ya uzamili ya elimu. Masharti hayo ni ya haki. Lakini akiyatimiza kwa njia ya masafa, kwa kazi za kuandika na mitihani ya kuandika, anaweza kufika kwenye mlango wa darasa bila ya mtu yeyote mwenye dhamana kuwahi kumsikia akisoma aya moja ya Kiswahili kwa sauti.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya uwezo wa mtandao na matumizi yake. Katika kozi nyingi, moduli hupakuliwa, husomwa, maswali hujibiwa kwa kuandikwa, na alama hurudi. Ni mzunguko ule ule wa 1967, ila barua haikai tena wiki mbili njiani. Sababu si uvivu wa wahadhiri peke yake. Mikutano ya video hula bando, umeme hukatika, na aliye mbali na mji hupata mtandao hafifu. Lakini ujumbe wa sauti wa dakika moja au mbili hauhitaji mtandao wenye nguvu, wala hauwataki mwalimu na mwanafunzi wawe hewani wakati mmoja. Wanafunzi wenyewe hutumiana jumbe za namna hiyo kila siku katika makundi yao ya WhatsApp, wakiulizana habari za karo na tarehe za mitihani. Chombo wanacho mkononi; kinachokosekana ni chuo kukifanya kuwa sehemu ya kazi inayopewa alama.

5. Lugha ya mafunzo yenyewe

Kuna kikwazo cha pili ambacho wanaisimu wanakifahamu ingawa hakizungumzwi sana. Anayejiandaa kufundisha Kiswahili husoma fasihi na sarufi kwa Kiswahili, lakini saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu na mbinu za jumla za kufundisha huzisoma kwa Kiingereza. Vivyo hivyo, moduli za ualimu zilizotayarishwa na Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni zilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mwanafunzi anayekaa chuoni huweza kufidia upungufu huo kwa mazungumzo: humsikia mhadhiri wa Kiswahili akiyaita mambo kwa majina yake, naye huyazoea. Asomaye peke yake usiku hana wa kumsikia. Anapoketi kutayarisha azimio la kazi na andalio la somo, hubidi ajitafsirie kila dhana, na mara nyingi hutunga istilahi yake mwenyewe.

Matokeo yake huonekana ubaoni. Darasa moja hufundishwa "kihisishi" na jingine "kiingizi". Moja hufundishwa "jina" na jingine "nomino". Kompyuta huwa "tarakilishi" kwa huyu na "ngamizi" kwa yule. Mtu wa makamo huongeza istilahi alizofunzwa yeye utotoni. Mwanafunzi wa sekondari akihama shule hudhani amekutana na somo jipya. Mpango wa Tanzania wa 1976 ulikuwa na upungufu wake mwingi, lakini katika jambo hili moja ulikuwa na nafuu: lugha ya kujifunza ualimu na lugha ya kufundishia zilikuwa moja.

6. Mazoezi ya kufundisha na suala la heshima

Sehemu ambayo hakuna mtandao uliowahi kuiondoa ni mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi hupelekwa shuleni kwa muhula mmoja, hupewa mwalimu wa kumwongoza, na watahini wa chuo huja kumtazama mara kadhaa. Kwa aliyesomea mbali, muhula huo ndio pengine wakati wake wa kwanza wa kusikiwa. Kwa hiyo umebeba mzigo mkubwa kuliko ulivyokusudiwa.

Tena huingia jambo la utamaduni. Mwalimu mwenyeji anayemwongoza mgeni wa miaka 45 huenda ana miaka 27. Humwita "mzee" au "mama", humwachia kiti, na huona vigumu kumwambia kwamba amelitamka neno vibaya au kwamba darasa halikumwelewa. Mgeni naye, ambaye nyumbani ana watoto wa rika la kiongozi wake, huona haya kuuliza. Hivyo adabu, iliyo sifa njema ya jamii, huweza kuziba mlango wa marekebisho. Shule zenye busara huutatua mkwamo huu kwa neno moja: kila mtu katika chumba cha walimu huitwa "mwalimu", mkubwa kwa mdogo, mwenyeji kwa mgeni. Neno hilo huiweka kazi mbele ya umri, na chini yake mdogo anaweza kumsahihisha mkubwa bila ya kumvunjia heshima. Ni mfano mzuri wa namna istilahi ya wito inavyoweza kupanga upya uhusiano wa watu. Kwa upande wake mwanafunzi wa makamo hana budi kuikubali methali nyingine: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mzigo wa muhula huo ungepungua lau mwanafunzi angekuwa ameanza kufundisha mapema. Njia ya kumfundisha mwalimu kwa somo fupi la dakika chache, linalonaswa kisha likatazamwa na kukosolewa, ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakati ambapo mitambo ya kunasia picha ilikuwa ghali na mizito. Leo simu ya kawaida hufanya kazi hiyo. Mtu anaweza kuwafundisha watoto wa jirani ngeli ya U-I kwa dakika kumi, kwa ruhusa ya wazazi wao, akanasa sauti yake, akaisikiliza kwanza mwenyewe, kisha akaituma. Wengi wanapojisikia kwa mara ya kwanza hushangaa. Na mshangao huo hufundisha mengi.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mtu wa makamo ana mengi ya kuchangia katika ualimu wa Kiswahili: rejesta nyingi, subira, na mazoea ya kueleza mambo kwa watu. Samaki huyu angali anakunjika, maadamu yupo anayemshika. Kinachomwangusha ni kozi inayomfundisha kwa jicho na kumtahini kwa kalamu, kisha ikamtuma akaishi kwa mdomo na sikio.

Wanaoandika moduli hizo na kuzisahihisha ni wahadhiri wa idara za lugha, na marekebisho yanayohitajika yamo mikononi mwao. Kila moduli ya fonolojia na ya kusoma kwa sauti yafaa iambatane na sauti zilizonaswa za wasemaji wa maeneo mbalimbali. Kila mwanafunzi apeleke, katika kila muhula, kazi kadhaa za sauti zinazopewa alama sawa na za kuandika. Somo la mbinu za kufundisha Kiswahili litungwe na kusomeshwa kwa Kiswahili, pamoja na orodha moja ya istilahi inayokubaliana na mtaala wa shule. Mazoezi ya kufundisha yasifupishwe kwa hoja kwamba mhusika ni mtu mzima mwenye uzoefu, kwa kuwa uzoefu wake ni wa kazi nyingine.

Hakuna katika hayo linalohitaji jengo jipya wala mtambo wa kuagizwa kutoka ng'ambo. Linalohitajika ni muda wa mhadhiri wa kusikiliza, na idara kuuhesabu muda huo kuwa sehemu ya kazi yake.